Nyanya za nyumbani zikigoma mwanzoni: dalili, chanzo na la kufanya

Mche wa nyanya ukianza kuugua, kawaida ya wengi ni kuchuma jani moja na kwenda nalo duka la pembejeo. Muuzaji analigeuza mara mbili, anasema "huo ukungu", na unarudi nyumbani na kichupa. Lakini jani moja halisemi mengi. Umanjano unaweza kuletwa na njaa, maji mengi, minyoo ya mizizini au virusi, na ukiwa umeshika jani tu huwezi kuvitofautisha. Kinachovitenganisha kimebaki bustanini: dalili ilianzia chini ya mmea au juu, imekuja kwa usiku mmoja au kwa wiki mbili, na udongo na mizizi vikoje. Kwa hiyo hapa tutafuata kile unachokiona, kuanzia mbegu hadi tunda la kwanza, na dawa itakuja mwishoni kama itahitajika.

Nina picha ya bustani ya pwani kichwani: Dar es Salaam na Kibaha, mchanga mwingi, ndoo na viroba uani, mbegu zikisiwa Aprili au Mei ili miche ihamishwe masika yakikatika na ikue kwenye kipupwe cha Juni hadi Agosti. Walioko Lushoto, Njombe na Mbeya wana baridi na ukungu wa kuwasumbua zaidi. Nao wamo humu.

Mbegu hazijatoka

Penye joto la nyuzi 25 hadi 30, mbegu nzima hutoka kati ya siku ya 5 na ya 10. Nyanda za juu wakati wa baridi, zipe hata wiki mbili. Muda huo ukipita, fukua mbegu mbili tatu kwa kijiti uzitazame.

Zikiwa laini na ukizibana zinatoa uji, zimeoza kwa maji. Zikiwa kavu kama zilivyotoka kwenye pakiti, maji hayazifikii: mchanga wa juu hukauka ifikapo saa sita mchana hata kama ulimwagilia asubuhi. Funika kwa nyasi kavu, na chipukizi la kwanza likichungulia ziondoe siku hiyo hiyo. Zikiwa zimechipua lakini zimejikunja humo humo chini, ulizizika mno. Sentimita moja inatosha. Na usipozikuta kabisa, wafuatilie sisimizi. Weka trei juu ya meza, kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji.

Kuhusu mbegu za kukamua kutoka nyanya ya sokoni: zitaota, hilo halina shida. Ila nyanya nyingi za sokoni siku hizi zimetokana na chotara, zile zenye F1 kwenye pakiti, na watoto wa chotara hawafanani na mzazi wala hawafanani wao kwa wao. Ukiona mche mmoja mrefu, mwingine mfupi na wa tatu unazaa vitunda vidogo, usiulaumu udongo.

Asubuhi umekuta miche imelala

Inama uangalie shina pale linapoingia udongoni, kwa sababu wahalifu ni watatu na kila mmoja huacha alama yake.

Shina likiwa limesinyaa usawa wa udongo, limelowa, rangi ya kahawia, na majani ya juu bado mabichi, hicho ni kinyausi. Huanza sehemu moja ya kitalu, kisha duara linapanuka kila siku. Kinaletwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda unyevu, msongamano na hewa iliyotuama. Mche ulioanguka hauamki tena. Kuokoa waliobaki: acha kumwagilia mpaka udongo wa juu ukauke, toa walioanguka pamoja na udongo wao, punguza msongamano kwa kukata kwa mkasi (ukiwang'oa unatikisa mizizi ya jirani), na ondoa kila kifuniko kinachozuia upepo. Kuanzia hapo mwagilia asubuhi tu. Awamu ijayo, mwagia udongo wa kitalu maji yanayochemka na uache upoe kabla ya kusia. Kama una nafasi, ulowanishe, ufunike kwa nailoni angavu na uuache juani wiki 4 hadi 6. Hiyo ya pili haina gharama ya kuni wala mkaa.

Shina likiwa limekatwa safi na mche umelala pembeni, huyo ni sota. Mchana hayupo juu, lakini hajaenda mbali. Chimbua kwa kidole kuzunguka shina, sentimita mbili hadi tano chini, utamkuta: kiwavi mnene wa kijivu anayejikunja mviringo ukimgusa. Usipomtoa, kesho anahamia mche wa pili. Baada ya kumwondoa, uvishe kila mche kola ya chupa ya plastiki iliyokatwa juu na chini, uizamishe kiasi cha vidole viwili udongoni. Majivu hufanya kazi yakiwa makavu. Mvua ikipita ni ya kurudia.

Udongo ukiwa umetawanyika na majani yamedonolewa, mhalifu ana mabawa na pengine ni kuku wako mwenyewe. Weka wavu.

Mirefu, myembamba, inaegemea upande mmoja

Mwanga hautoshi. Kitalu kilichowekwa barazani au chini ya mwembe kitakupa miche ya namna hii kila msimu, hata uwe na mbegu ya bei gani. Ipeleke juani taratibu. Bahati nzuri nyanya huotesha mizizi kwenye shina lililofukiwa, hivyo wakati wa kuhamisha zika shina mpaka karibu na majani ya kwanza na urefu ule hautakuwa hasara.

Umehamisha, sasa imeduwaa

Mche wa wiki 4 hadi 6, wenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, ndio unaohamishwa, na uhamishwe jioni. Ukilegea mchana kwa siku tatu nne na kunyanyuka jioni, hiyo ni kawaida. Chomeka kipande cha kuti upande wa magharibi kiukinge jua la alasiri. Majani yakipata mabaka meupe, makavu, upande ulioelekea jua tu, yameungua. Hayatapona, lakini tazama majani mapya: yakitoka mazuri, hakuna ugonjwa. Hili huwapata waliotoa miche kivulini moja kwa moja hadi juani bila kuizoesha kwa wiki moja kwa kuongeza saa za jua na kupunguza maji.

Sehemu ya chini ya majani ikigeuka zambarau, na mishipa na shina pia, mmea haupati fosforasi. Nyanda za juu mwezi Juni na Julai fosforasi mara nyingi imo udongoni, ila udongo ni wa baridi na mizizi haiwezi kuivuta. Subiri joto lipande kidogo. Majani mapya yatatoka kijani. Kama ardhi yako imechoka kweli, dawa yake ni wakati wa kupanda: kisoda kimoja cha mbolea ya DAP au ya Minjingu kwa kila shimo, ukichanganye na udongo ili mizizi isikiguse.

Kingo za majani zikikauka na mche haukui, kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni samadi mbichi ya kuku. Ingiza kijiti ndani ya rundo ulilochotea: kikitoka na joto na harufu inayochoma pua, samadi hiyo haijaiva, iache miezi miwili zaidi. Wa pili, hasa kwa wanaotumia visima vya pwani, ni chumvi. Tazama ukingo wa ndoo: utando mweupe unaobaki maji yakikauka ni ushahidi wa kutosha. Mwagia maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba, kwa wingi mpaka yatiririke chini, urudie baada ya siku chache, na uanze kukinga mvua. Hakuna mbolea inayotibu chumvi. Mbolea yenyewe ni chumvi nyingine.

Umanjano

Vile vijani viwili vya kwanza kabisa vilivyotoka na mbegu vitageuka manjano na kudondoka. Ni muda wake, viache.

Umanjano unaoanzia majani ya chini, ulioenea sawasawa, mmea mzima ukiwa na rangi iliyofifia, ni njaa ya naitrojeni. Mchanga wa pwani baada ya masika huwa umeoshwa, haishangazi. Weka mboji juu ya udongo, au kisoda kimoja cha mbolea ya CAN kwa mche, sentimita kumi mbali na shina, kisha mwagilia. Usiongeze mkono kwa huruma. Sababu utaiona kwenye maua.

Mmea ukiwa wa manjano kote na udongo umelowa na kunuka, mizizi inakosa hewa. Ndoo zilizotobolewa tundu moja katikati ndizo huleta hili. Toboa matano sita, na mengine ubavuni karibu na kitako, kwani tundu la katikati huziba ndoo ikikaa sakafuni.

Kuna umanjano wa tatu ambao watu huulisha mbolea miezi miwili bila mafanikio: mche umedumaa, unalegea mchana ingawa udongo una maji, na kila mwaka ni kona ile ile ya bustani. Ng'oa mmoja, osha mizizi. Ukikuta vifundo vilivyovimba ndani ya mzizi wenyewe, visivyobanduka ukivikwaruza, hao ni minyoo fundo, na mchanga ni makazi yao wanayoyapenda. (Vile vya kunde na maharage hubanduka na ni rafiki, visikuchanganye.) Mche huo hauponi. Hamia kwenye ndoo yenye udongo wa kwingine, ongeza mboji kwa wingi kwenye kona ile, na ukinunua mbegu soma herufi baada ya jina. Roma VF ina ukinzani dhidi ya aina mbili za mnyauko wa ukungu, Verticillium na Fusarium. Ikiandikwa VFN, ile N ni ya minyoo. Kinga hiyo hupungua udongo ukipata joto kali, kwa hiyo tandaza nyasi hata kama una VFN.

Kunyauka

Hapa usikimbilie kumwagilia. Ingiza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia na uende zako. Pakiwa na unyevu na mmea bado umenyauka, kazi imeanza.

Mmea ulionyauka ukiwa kijani kibichi, bila umanjano wowote, kwanza mchana tu, kisha baada ya siku mbili tatu haunyanyuki tena, unashukiwa kuwa na mnyauko bakteria. Kipimo chake hakihitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, kiache kining'inie ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikiwa ndani ya maji, na usiitikise. Kaa uangalie kwenye mwanga. Ikiwa ni bakteria, ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe za maziwa zikishuka kutoka kwenye kidonda, na baadaye maji yote yanakuwa na ukungu.

Nyuzi zikionekana, hakuna dawa ya kupulizia itakayosaidia, na anayekuuzia anakuuzia matumaini. Ng'oa mmea na udongo unaouzunguka, choma, usitupe kwenye mboji. Osha jembe na mikono kabla ya kugusa mche mwingine, na usimwagilie maji yatakayotiririka kutoka pale kwenda kwingine. Mahali hapo pasipandwe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Panda mahindi au mboga za jamii nyingine. Anayetaka nyanya lazima kwenye uwanja huo apande kwenye ndoo, zikiwa juu ya matofali, au ajifunze kubebesha nyanya juu ya shina la bilinganya lenye ukinzani.

Maji ya glasi yakibaki safi, pasua shina kwa urefu. Ukiona mstari wa kahawia chini ya ganda, na majani ya chini yalianza kuwa manjano upande mmoja wa mmea, ni mnyauko wa Fusarium. Nao hautibiki, lakini huenda polepole na mbegu yenye F itakusaidia mwaka unaofuata.

Majani yanajikunja

Hii ndiyo inayoogopesha bure kuliko zote. Majani ya chini yakijiviringa kwenda juu, yakawa magumu kama ngozi lakini bado kijani, na juu mmea unaendelea kukua vizuri, umekutwa na joto, ukavu, au umepogoa machipukizi mengi kwa siku moja. Mazao hayapungui kwa maana. Acha.

Wasiwasi uwe pale majani mapya ya juu yanapotoka madogo, yamejikunja, kingo zake za manjano, na mmea umesimama kukua na kujifunga juu. Hiyo ndiyo wakulima huiita rasta, na inaletwa na virusi vinavyosambazwa na inzi weupe. Tikisa mmea asubuhi: wakiruka vidudu vyeupe vidogo kutoka chini ya majani, mwenezaji yupo. Mche uliopata rasta kabla ya kutoa maua hautakupa kitu cha maana. Ng'oa, ufunge kwenye mfuko ili inzi wasihamie kwa jirani, na nguvu zako zipeleke kwa wazima. Maji ya sabuni ya kipande yakipuliziwa chini ya majani jioni huwapunguza inzi, ila lazima yawaguse.

Wengi hufunika kitalu kwa chandarua chakavu cha mbu. Kitazuia kuku, panzi na nondo, lakini inzi mweupe ana urefu wa milimita moja hivi na matundu ya chandarua anayapita. Kinachomzuia ni wavu mwembamba wa vitalu unaouzwa kwa kazi hiyo.

Kuna kujikunja kwa tatu: majani membamba mno, yamesokoteka, mishipa imekaa sambamba, na mimea yote imepatwa kwa pamoja ndani ya siku chache. Virusi havifanyi hivyo kwa mpigo. Uliza kama jirani alipulizia kiuagugu kwenye mahindi au mpunga siku ya upepo, au kama bomba ulilotumia liliwahi kubeba kiuagugu. Bomba la magugu libaki la magugu.

Mistari, mabaka na matobo

Mstari mwembamba mweupe unaozungukazunguka juu ya jani ni kazi ya kibuu wa inzi mdogo; majani machache yenye mistari hayadhuru kitu. Kantangaze, nondo wa nyanya (Tuta absoluta), ni mwingine. Yeye huacha baka pana, lenye uwazi katikati ya ngozi mbili za jani. Chuma jani hilo na ulinyanyue dhidi ya jua: utaona vidoti vyeusi vya kinyesi vimekusanyika upande mmoja, na mara nyingi kiwavi mwenyewe wa kijani hafifu akisogea humo ndani. Asili yake ni Amerika Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, na kufikia 2014 alikuwa Kenya na Tanzania.

Jike mmoja hutaga mayai hadi 260, na kiwavi hukaa ndani ya jani ambako dawa ya kugusa haimfikii. Juu ya hayo, dawa nyingi za kawaida ameshazizoea. Kwenye bustani ya miche kumi ishirini mkono unashinda bomba: kila jioni pita, chuma kila jani lenye baka, liminye, lichome au liloweke kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kagua na ncha za juu, hupenda kuingia humo. Fanya hivi mapema, miche ikiwa mifupi. Akishafika kwenye matunda humtoi. Mtego wa kivutio (harufu ya jike) juu ya beseni la maji na sabuni hukamata madume na kukuonyesha wameongezeka lini.

Mabaka ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara, yakianzia majani ya chini kabisa, ni bakajani tangulia. Kata majani hayo, tandaza nyasi ili matone ya mvua yasirushe udongo juu, mwagilia shinani, na funga mche kwenye fito upate upepo. Mara nyingi hapo pametosha. Bakajani chelewa, licha ya jina, haingoji: wiki ya baridi, ukungu na manyunyu huleta mabaka makubwa ya kijani iliyokolea yaliyolowa, shina linakuwa jeusi, na asubuhi chini ya jani kuna utando mweupe. Linaweza kumaliza bustani ndani ya wiki moja, na linatoka pia kwenye viazi mviringo vya jirani. Hapa ndipo mimi mwenyewe ninakubali dawa, kwa Lushoto na Njombe kwa mfano: dawa ya ukungu ya mankozebu au ya kopa (shaba) ipuliziwe kabla ya wiki ya ukungu, kwa kipimo cha lebo. Soma pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, maana bustani ya nyumbani watoto huchuma wakipita.

Maua yanadondoka, au hayaji

Mmea mnene, kijani kizito, majani mapana, hakuna maua: umeshiba naitrojeni. Acha samadi na CAN kabisa kwa wiki kadhaa.

Maua yapo lakini yanakatika kwenye kifundo cha kikonyo: angalia kalenda. Mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku ukibaki juu ya 24, chavua haifanyi kazi. Dar es Salaam Januari na Februari usiku unakuwa huko huko, ndiyo maana msimu wa kipupwe una raha. Katika hali nzuri, kama ndoo ziko kwenye kona isiyo na upepo, tikisa fito kidogo saa tatu nne asubuhi, chavua ianguke yenyewe.

Tunda la kwanza lina kitako cheusi

Baka kavu jeusi, limebonyea, upande wa chini wa tunda: kuoza kitako. Hakuna kimelea, kwa hiyo dawa ya ukungu ni hela iliyotupwa. Kalsiamu haikufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikuwa ya leo mengi, kesho hakuna, na ndoo za lita 20 zinaongoza kwa hili. Maganda ya mayai huchukua miezi kuoza, hayatakusaidia msimu huu. Toa matunda yaliyooza, tandaza nyasi nene, mwagilia kila siku kwa kiasi kile kile, na mara mbili kwa siku mmea ukishakuwa mkubwa kuliko ndoo yake. Kichala cha kwanza huathirika zaidi. Cha pili na cha tatu kwa kawaida hutoka safi.